Frigo ya kujengewa si frigo iliyofungiwa kabatini

Katika nyumba mpya za Lubumbashi, hasa katika mtaa wa Golf, mwenye nyumba anayemwonyesha mgeni jiko lake hufika mbele ya kabati refu, akalifungua, akasema kwa fahari kwamba hiyo ni frigo ankastre. Mara nyingi sivyo. Kilichomo ni frigo ya kawaida, ile ambayo ingesimama peke yake kwenye kona, ila fundi wa mbao ameizungushia mbao, akaiwekea dari na mlango wa rangi moja na makabati mengine. Nimelisikia jina hilo likitumiwa hivyo kupita kiasi, na frigo zinazokufa mapema kwa sababu ya kosa hilo ni nyingi, kiasi kwamba naona tofauti hii inastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Maana yenyewe ni fupi. Frigo ya kujengewa, ndiyo ankastre, ni frigo iliyoundwa kiwandani ili ikae ndani ya kabati: hukazwa kwa skrubu kwenye mbao za kabati, mlango wake huungana na mlango wa kabati, na joto linalotoka kwake limeandaliwa njia ya kupitia. Mambo mawili ya kwanza huonekana kwa macho, kwa hiyo ndiyo yanayoigwa. La tatu halionekani, na bila hilo hakuna ankastre.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kukumbuka kazi ya frigo. Frigo hulitoa joto ndani na kulimwaga nje. Kompresa, ambayo wengi hapa kwetu huiita moteri, hubana gesi hadi ikapata moto. Gesi hiyo hupita katika mabomba membamba ya kondensa, ikaacha joto lake hewani na kugeuka kimiminika. Kisha hupenya kwenye kibomba chembamba zaidi, ikapanuka upande wa ndani na kunyonya joto la vyakula, halafu safari inaanza upya. Joto lote lililokuwa katika samaki wa Kasenga uliowaingiza asubuhi, pamoja na lile linalozaliwa na umeme wa kompresa yenyewe, huishia kwenye kondensa, na kutoka hapo halina mahali pengine pa kwenda isipokuwa hewa ya jikoni. Hewa ikikosa kupita, kondensa hubaki na moto wake, shinikizo la gesi hupanda, kompresa hufanya kazi bila kupumzika, bili ya umeme huongezeka, na mwishoni waya za ndani ya kompresa huungua.

Sasa, kondensa iko wapi? Hapo ndipo kosa la kabati linapozaliwa. Kwenye frigo za zamani ilikuwa ni ule wavu mweusi wa nyuma, ambao kila mtu aliuona na kuuheshimu. Kwenye frigo nyingi za kawaida za leo mgongo ni laini, kwa sababu mabomba ya kondensa yamefichwa chini ya bati la ubavuni. Weka kiganja kwenye ubavu wa frigo ya namna hiyo ikiwa imeunguruma kwa muda, nawe utahisi vuguvugu, wakati mwingine moto wa kweli. Wengi hudhani frigo imeharibika, lakini huo ubavu ndio unaopumua. Na ni ubavu huo huo ambao fundi wa mbao huubana kwa ubao wa sentimita 2, akijisifu kwamba hakuacha hata mwanya wa kupitisha karatasi. Ni sawa na kumvika mtu koti la baridi ya mwezi wa saba katikati ya joto la mwezi wa kumi.

Frigo ya kujengewa ya mtindo wa Ulaya imepangwa kinyume chake. Mbavu zake hazitegemewi kutoa joto, ndiyo maana zinaweza kukaa karibu kabisa na mbao. Joto hutokea nyuma, na nyuma hiyo si ukuta uliofungwa bali ni bomba la hewa lililosimama wima: hewa baridi huingia chini, kupitia matundu ya ule ubao unaoziba miguu ya kabati, hupanda nyuma ya frigo ikilipokea joto la kondensa, na kutokea juu ya kabati. Hakuna feni inayohitajika, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe, mradi isikute ubao njiani. Watengenezaji wengi hutaka uwazi usiopungua sentimita za mraba 200 chini, na mwingine kama huo juu. Kwa mita ya fundi, huo ni uwazi wa sentimita 50 kwa 4. Matundu matano yaliyotobolewa kwa keekee ili kumridhisha mteja hayafikii hata sehemu ya kumi ya kipimo hicho.

Kabati lenyewe lina vipimo vyake. Nafasi ya ndani huwa na upana wa sentimita 56, kina kisichopungua 55, na kimo kinachotegemea frigo: 88, 122 au 178 ndivyo vinavyokutikana zaidi. Frigo nyingi za kawaida zina upana wa sentimita 60 au zaidi, kwa hiyo haziingii katika kabati la namna hiyo hata ukizisukuma, na kipimo hicho peke yake kinatosha kumaliza ubishi mwingi. Alama nyingine iko mlangoni. Frigo ya kujengewa haina mpini, na mlango wake ni bati tupu lisilo na urembo, kwa sababu uso wake ni mlango wa kabati. Milango hiyo miwili huunganishwa kwa njia mbili: ama kwa reli ndogo, ambapo mlango wa kabati una bawaba zake na ule wa frigo huteleza nyuma yake, ama mlango wa mbao hukazwa moja kwa moja juu ya mlango wa frigo, na bawaba za frigo zikabeba uzito wote. Katika njia ya pili uzito wa mbao una kikomo kilichoandikwa kwenye kijitabu, na mbao zetu za mulombwa, nzuri kama zilivyo, hukivuka kwa urahisi; mlango ukianza kulegea upande wa juu, mpira wake hauzibi tena.

Wale wanaonunua frigo za Ulaya zilizokwisha kutumika wajue pia kwamba ankastre haisimami peke yake. Isipokazwa kabatini, ukifungua mlango uliojaa chupa, inaweza kukuinamia na kukuangukia.

Upo pia mtindo wa Marekani, kama ule wa kampuni ya Sub-Zero, ambapo kompresa na kondensa huwekwa juu kabisa nyuma ya wavu unaotazama mbele, na feni huvuta hewa hapo hapo. Ni nadra kuuona kwetu, ila kanuni ni ile ile: njia ya joto iliamuliwa kabla ya mbao kukatwa.

Hali ya hewa ya Lubumbashi inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, joto la mchana hufika nyuzi 32 na kuzidi, ilhali usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Kila frigo ina karatasi iliyobandikwa ndani, aghalabu kando ya droo ya mboga, yenye herufi za daraja la hali ya hewa: SN kwa mazingira ya nyuzi 10 hadi 32, N kwa 16 hadi 32, ST kwa 16 hadi 38, na T kwa 16 hadi 43. Nyuzi hizo ni za hewa inayoizunguka frigo, wala si za barazani. Jiko likiwa na nyuzi 32, ndani ya kabati lililofungwa huwa ni zaidi, na frigo ya daraja N tayari imetolewa nje ya mipaka yake. Kipindi cha baridi nacho kina shida yake: frigo yenye kidhibiti joto kimoja tu kwa sehemu zote mbili, ya baridi na ya friza, ikizungukwa na ubaridi, hudhani kazi imekwisha, kompresa hulala muda mrefu, na nyama ya kwenye barafu huanza kulegea ingawa umeme upo. Kwa mji wetu, daraja linaloandikwa SN-T ndilo linalofaa zaidi.

Kabati lisilopumua huleta pia uchunguzi wa uongo. Frigo haipoi vizuri, mtu anaitwa, anasikiliza kompresa, anasema gesi imekwisha, anaongeza, analipwa. Baada ya miezi kadhaa maneno ni yale yale. Gesi ya frigo haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari; inazunguka katika mabomba yasiyo na mwanya wa kutokea, na ikipungua maana yake pana tundu linalopaswa kutafutwa na kuzibwa kwanza. Kabla ya kukubali gesi yoyote, fungua mlango wa kabati, toa ubao wa chini, iache frigo ipate hewa siku nzima, kisha uitazame upya. Zaidi ya hayo, frigo nyingi za sasa hutumia R600a, gesi inayowaka moto. Kiasi chake ni makumi machache ya gramu tu, lakini ikivuja ndani ya kabati lililozibwa hujikusanya, na fundi anayewasha moto wa kuchomelea ndani ya nafasi hiyo anahatarisha nyumba na nafsi yake. Jina la gesi limeandikwa kwenye karatasi ile ile ya daraja, lisomwe kwanza.

Kuhusu utunzaji, maneno ni machache. Vumbi letu jekundu huziba matundu ya chini haraka, basi yafyonzwe au yafagiliwe kila mwezi wakati wa kiangazi. Kile kitundu kidogo cha ukuta wa nyuma, kinachopitisha maji ya mtonesho, kisafishwe kwa kijiti laini, kwa kuwa kikiziba maji hukusanyika chini ya droo ya mboga na watu husema frigo inavuja. Barafu isichokolewe kwa kisu, kwani bomba la chini yake ni laini na likitobolewa hakuna marejeo. Wakati wa delestaji, yaani umeme unapokatwa kwa zamu, mlango ubaki umefungwa: sehemu ya baridi hutunza chakula kwa muda wa saa 4 hivi, na friza iliyojaa huweza kufikisha siku mbili. Umeme ukirudi, kompresa ipewe dakika chache kabla ya kuwashwa, ili shinikizo la gesi lisawazike. Stabilizateri, kile kifaa cha kusawazisha nguvu ya umeme, isiwekwe ndani ya kabati, maana nayo hutoa joto, na plagi iwe kwenye kabati la jirani, mahali mkono unapofika bila kung'oa chochote.

Kwa hiyo, ndugu mwenye kabati zuri lenye frigo ya kawaida ndani, huna haja ya kuitupa. Iite tu frigo ya kawaida iliyo kabatini, ili fundi anayekuja ajue anachokikuta. Umwombe fundi wa mbao aondoe ubao wa nyuma na afungue chini na juu, kisha upime nafasi ya ubavuni kwa kufuata kijitabu cha frigo hiyo. Ikiwa mbavu ndizo zinazopata moto na nafasi haipo, mbao za pembeni zisogezwe. Na kama ukuta haukubali zisogezwe, frigo isimame nje na kabati litumike kwa vyombo.