Dripu Haina "Nguvu" Ndani Yake

Juzi tena. Mzee anakula, anakunywa, miguu imevimba hadi soksi zimemchora, na mwanawe ananifuata mlangoni: "Daktari, mtundikie hata chupa mbili apate nguvu. Si ni maji tu?"

Haya, tupige hesabu. Lita moja ya dekstrosi asilimia 5, ile dripu ya maji ya sukari, ina gramu 50 za sukari, yaani takribani kilokalori 200. Mtu mzima aliyelala kutwa hutumia zaidi ya 1,000. Salaini, dripu ya maji ya chumvi, ndiyo kabisa: gramu 9 za chumvi kwa lita, kalori sifuri.

Lakini hilo la "maji tu" ndilo linalonichoma, maana hata wenzangu wa kazi hulisema. Dekstrosi ikishaingia mwilini, seli hula sukari yote, yakabaki maji matupu. Hayakai kwenye mishipa, husambaa hadi ndani ya seli. Katika lita nzima, yanayobaki kwenye damu hayafiki hata mililita 100. Aliyeshuka presha kwa kutokwa damu hujamsaidia chochote. Na aliyetoka upasuaji ndiyo balaa: maumivu na kichefuchefu huufanya mwili uzuie mkojo, maji yanarundikana, sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, inashuka, ubongo unavimba. Mtoto analalamika kichwa, anatapika. Kwa kuwa anatapika, anaongezewa chupa ileile. Kisha degedege. Ukigundua, usikimbilie kuipandisha sodiamu hadi kawaida kwa siku moja. Ikishakaa chini siku kadhaa, kuipandisha mbio nako huharibu ubongo. Dekstrosi ina kazi yake, mathalani sukari inaposhuka. Kuongeza nguvu si mojawapo.

Potasiamu, madini ambayo wakati mwingine huongezwa kwenye dripu, kwa ufupi: haisukumwi kwa sindano mshipani, kamwe, moyo husimama. Ukiichanganya, geuzageuza chupa kabla ya kuitundika, la sivyo inatuama karibu na mrija na kuingia ya kwanza.

Mimi mwenyewe nina mashaka yangu. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Kumbe tulichokiita uokoaji! Sababu bado inabishaniwa, na mimi nikishika kile kigurudumu cha mrija mbele ya mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, mkono husita. Salaini nayo ina kloridi milimoli 154 kwa lita, damu ina kama 100. Ndiyo maana mara nyingi nachagua Ringer laktati, dripu yenye kloridi pungufu, ingawa tofauti kwa mgonjwa mmoja mmoja siwezi kuapa kwamba nimeiona.

Tumrudie mzee. Nilimkalisha, mishipa ya shingo imetuna. Mgongoni, chini ya mapafu yote mawili, nikasikia ule mchakacho wa maji. Nikamwandikia dawa ya kumkojoza. Mwanawe akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akauliza: "Sasa dripu ni ya jioni?"