Kwa nini machozi ya mzazi huja siku ya tatu?

Mama amejifungua salama, mtoto ananyonya, uji wa pilipili manga umeshaletwa. Kisha, siku ya tatu au ya nne, mzazi anaangua kilio na mwenyewe hajui analilia nini. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kilio hicho ndicho mwanzo wa sonona ya uzazi, na kwamba aliyezivuka siku hizo na macho makavu amesalimika. Nilikosea pande zote mbili.

Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, na kwa kawaida hukauka yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona hukaa. Mtoto amelala fofofo, nyumba imetulia, na bado mama hapati usingizi, hana hamu ya chochote, anajiona hafai. Wala ugonjwa huo haungoji uchungu uishe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliowapima akina mama 10,000 waliotoka kujifungua, ulionyesha kuwa miongoni mwa waliokutwa na sonona, asilimia 40 hivi walianza kuugua baada ya kujifungua. Asilimia 33 walianza wakiwa wajawazito, na waliobaki hata kabla ya kushika mimba. Sisi tuliokuwa tukimchunga mzazi katika siku arobaini tu, tulikuwa tumeshachelewa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa.

Basi kwa nini siku ya tatu? Wakati wa ujauzito, kondo la nyuma humwaga homoni ya projesteroni kwa wingi, na mwili huigeuza sehemu yake kuwa alopregnanoloni, ambayo hutuliza ubongo. Fikiria nyumba ambayo bomba limetiririka miezi tisa bila kukatika: ndoo moja inatosha, nyingine zimewekwa stoo. Ubongo nao hupunguza vipokezi vyake, yaani ndoo zake. Kondo likitoka, ndani ya siku chache bomba hubaki likidondosha matone, na ndoo bado ziko stoo. Zikisharudishwa uani, matone hayo hayo hutosha.

Habari ya ndoo, hata hivyo, imetokana zaidi na panya wa maabara. Tena, kondo hutoka kwa kila mzazi, lakini si kila mzazi anayeugua. Mwaka 2000 watafiti waliwapa wanawake 16 homoni za kuigiza ujauzito, kisha wakazikatisha: kati ya 8 waliowahi kuugua sonona ya uzazi, 5 walivurugika hisia, kati ya 8 wengine, hakuna hata mmoja. Ni watu wachache mno, lakini inaelekea kwamba tofauti iko katika wepesi wa ubongo kuyumbishwa na anguko lile lile. Upweke, ukata na kipigo cha nyumbani navyo huongeza uzito.

Katika wiki ya sita mama humpeleka mtoto kliniki kwa chanjo, na hapo ndipo angeweza kuulizwa habari zake mwenyewe, kama ambavyo angeulizwa tangu mahudhurio ya ujauzito. Dodoso la Edinburgh la kupimia sonona ya uzazi, lililotolewa mwaka 1987, lina maswali 10 yanayojibika kwa dakika chache. La mwisho huuliza kama katika siku saba zilizopita amewaza kujidhuru. Anayejibu ndiyo huhudumiwa siku hiyo hiyo, asiandikiwe tarehe ya kurudi.

Na mhudumu si lazima awe daktari bingwa. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa kuzungumza na wajawazito wenye sonona majumbani mwao. Miezi sita baada ya kujifungua, waliokuwa bado wanaugua walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo.