Wikipedia nzima ndani ya kiboksi, na bando hakuna

Haya jamani, wiki hii s'na stori ya simu mpya. N'na kitu nlikiokota mtandaoni zamani nikakidharau, mpaka ile Mei 2024 ilipokatika mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom kule chini ya bahari, hapa Mjini Unguja tukabaki tunatazamana, kurasa hazifunguki, na mie kwa kuwa kazi yangu ni kompyuta basi kila anopita barazani ananiuliza mimi, utasema mkongo nimeukata mie.

Kinaitwa Kiwix. Ni programu huria, kodi yake, yaani maandishi yanayoiunda, iko wazi kwa kila mtu, leseni yake GPL inayoruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, hulipi hata senti, na watu wanaijenga tokea 2007. Inasoma tovuti nzima iliyofungwa kwenye faili moja tu la aina ya ZIM. Iko Wikipedia, iko kamusi, viko vitabu vya bure vya Project Gutenberg, hata majibu ya Stack Overflow, tovuti wanakoulizana waandika programu, yamo, na hilo peke yake kwa sie tunaoandika kodi ni dafina.

Lakini kilichonivuta ni vile lilivyopangwa faili lenyewe. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha inapita GB 90, na simu ya kawaida yenye memori kadi kubwa inaifungua vizuri tu. Usidhani inalikunjua faili lote. Makala zimewekwa mafungu mafungu, kila fungu limebanwa peke yake, na iko fahirisi inayosema makala fulani imo fungu lipi, ukiandika "mwani" inachungulia fahirisi, inakwenda kwenye fungu lile lile, inalifungua hilo, mengine yanabaki yamelala. Nenda soko la Darajani kamtazame muuza khanga, huwezi kumuona anafungua mabunda yote kwa ajili ya doti moja unayoitaka, anajua tu limo bunda gani.

Kulishusha sasa. Mara ya kwanza nikatumia brauza, bando la usiku, nikalala, alfajiri nakuta umeme ulikatika na faili imekufa njiani. Nlikasirika! Tumieni torenti, programu ya kuishushia ni qBittorrent, huria vile vile, inashusha kipande kipande na inakikagua kila kipande, ukikatika unaendelea pale pale. Na flashi ikiwa imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haikubali faili la zaidi ya GB 4, itakataa na nafasi unaiona kwa macho yako, ifomati exFAT yaishe. Wenye haraka, ya Kiswahili ni ndogo sana, anzeni nayo hiyo.

Mwezi uliopita nikapanda boti nikenda Pemba, skuli moja upande wa Wete, na Raspberry Pi mfukoni. Ni kompyuta kamili, ukubwa wa kadi ya benki, inakula umeme kidogo hata pawabenki inaiendesha. Ndani mna kiwix-serve, unaipa faili la ZIM nayo inaligeuza tovuti, Pi inarusha waifai yake, wanafunzi wanaunga simu wanasoma.

"Sasa hili bando anatia nani?" maalim akaniuliza.

"Hakuna bando maalim, yote yamo humu."

Akakigeuza geuza kile kiboksi, akakiweka chini taratibu kama yai.

Dakika tano za mwanzo hakuna aliyefungua kitu. Kumbe simu zikiona waifai haina intaneti zinarudi kimya kimya kwenye data! Zima data kwanza, niliwaandikia ubaoni kwa herufi kubwa. La pili ni umeme, Pi ikizimika ghafla inapokuwa inaandika kwenye memori kadi, kadi huweza kuharibika, kwa hivyo niliingia raspi-config, mipangilio ya Pi, nikawasha overlay ili kadi iwe ya kusomwa tu. Sasa wachomoe watakavyo.

(Kwa kupeana mafaili ndani ya waifai ile ile nliwatilia na LocalSend kwenye simu, nayo huria, nitaieleza siku nyengine inshallah.)

Ila ZIM ni picha ya siku ile iliyofungwa, huwezi kuhariri. Mtoto mmoja wa fomu ya pili akatafuta kijiji chao, akakuta mistari miwili, akanijia juu: "Mbona hawakuandika bandari ya zamani?" Nikamwambia Wikipedia inaandikwa na watu kama wewe, ila ufike penye intaneti. Hakunijibu. Nlipokuwa nafunga begi kaniletea karatasi ya daftari, kaandika pande zote mbili, bandari, kisima, jina la msikiti, na chini kachora na ramani. Ninayo hapa pembeni ya kibodi, nishafika upande wa pili.