“Tuliichomeka kwanza tuone”: dhana potofu kuhusu PDP-11 na Unix ya kale

Neno linalonichosha kuliko yote ni hili: “Fundi, tuliichomeka kwanza tuone kama inawaka.” Nalisikia kwa wanafunzi wa chuo hapa Mbeya, nalisikia kwa mafundi wa redio wa Mwanjelwa, tena mtu analisema kwa fahari, akidhani amenipunguzia kazi. PDP-11, kompyuta za miaka ya 1970, nchini kwetu si za kuokota. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kipindi kile kile mashine hizi za kampuni ya Digital zilipokuwa zikienea kwenye vyuo na maabara za nje. Ikiibuka moja leo kwenye stoo ya mradi uliokufa zamani, wa kwanza kuigusa asiwe mwenye plagi mkononi.

Nyuma ya “tuone kama inawaka” kuna imani kwamba mashine isiyotumika haichakai. Inachakaa. Kapasita za elektroliti zina utando mwembamba wa oksidi unaozuia umeme kupita, na utando huo hudhoofika zikikaa miaka bila volti. Ukizipa umeme wote kwa mkupuo zinavujisha, zinachemka, nyingine zinapasuka. Balaa kubwa zaidi halitoi hata moshi: regyuleta, kifaa cha kutuliza volti, ikiwa mbovu, laini ya volti 5 inapanda. Chipu za TTL, aina ya chipu zilizojaa kwenye bodi hizi, zinataka kati ya 4.75 na 5.25, zikipita 7 zihesabu zimekwenda. Bodi inakufa kimya, na mwenye mashine anauliza, “Mbona feni zinazunguka?” Feni hazina chipu, ndugu yangu.

Utaratibu ni huu. Piga picha kila bodi ilipo, kisha zichomoe zote. Toa kapasita kubwa za pawasaplai, uzilishe moja moja kupitia rizista, ukipandisha volti taratibu hadi mkondo unaovuja ushuke. Halafu washa pawasaplai ikiwa na mzigo wa bandia, usiiwashe tupu. Mimi natumia balbu za taa kubwa za gari, za volti 12, maduka ya spea yamejaa. Kwenye laini ya volti 5 zinawaka kwa wekundu hafifu lakini zinakula ampea za kutosha kuipima. Mita ikitulia kwenye 5 bila kuyumba, pawasaplai ikishapata joto, ndipo bodi zirudi.

Diski ya RK05 usiizungushe kabla hujaifungua. Ndani kuna sponji za chujio la hewa ambazo kwa umri huu zimegeuka unga, na feni itaupuliza unga huo moja kwa moja hadi kwenye sahani, ambako vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa pengo la mikroni chache tu. Vumbi letu la kiangazi nalo limo humo. Kuna pia betri za nikeli-kadmiamu, za kurudisha vichwa nyuma umeme ukikatika. Angalia kama zimevuja kemikali zikala waya.

“Ni ya Marekani, lakini nina transfoma ya kushusha.” Vizuri, volti umezipata. Hezi, yaani mawimbi ya umeme kwa sekunde, je? Sisi ni 50, wao 60. Mota ya RK05 inafuata hezi za ukutani, kwa hiyo ikiwa na puli ya 60 itazunguka mara 1,250 kwa dakika badala ya 1,500. Badilisha puli na mkanda wake.

Hapo hapo inazaliwa dhana nyingine: “Saa ya Unix (mfumo endeshi wa mashine hii) inachelewa, badilisha betri.” Betri ipi? Kadi ya saa inahesabu mawimbi ya umeme wa ukutani, na Unix toleo la 6 la mwaka 1975 inaamini mawimbi 60 ni sekunde moja. Kwa umeme wetu inapoteza dakika 10 kila saa. Fungua param.h, faili la vipimo vya mfumo, weka HZ iwe 50, kompaili keneli (kiini cha Unix) upya.

“Amri ni zile zile za Linux.” Jaribu. Toleo la 6 halina cd ya kuhamia folda nyingine, lina chdir. Herufi unaifuta kwa #, na @ inafuta mstari mzima. Kihariri cha vi hakuna, kuna ed, na ed inatosha. Hata lugha ya C yenyewe bado inaandika =+ pale ulipozoea +=, wala stdio.h, faili la kawaida la kuingiza na kutoa data, haipo. Programu moja kwenye PDP-11/40 inaona kilobaiti 64 za anwani, basi. Vijana wanalalamika hapa. Mimi naona ndipo wanapojifunza kuandika kwa adabu.

“Simuleta ni ya watoto.” Upuuzi. SIMH, programu ya kuiga PDP-11 kwenye kompyuta ya leo aliyoianzisha Bob Supnik, inaendesha programu ile ile baiti kwa baiti, na ningependa kila mtu aanzie huko kabla ya kushika bisibisi. Isipokuwa haikufundishi lolote kuhusu kapasita.

“Hiyo Unix ni ya wizi.” Hapana. Caldera, kampuni iliyokuwa na haki za Unix, waliyaachia matoleo ya kale ya PDP-11, la 1 hadi la 7, kwa leseni huria Januari 2002.

La mwisho nalisikia kila msimu wa mvua: “Memori yake ni ya sumaku, umeme ukikatika haidhuriki.” Ni kweli memori ya koa (core, ya vipete vidogo vya sumaku) inashika ilichokuwa nacho. Diski ndiyo inayoumia, kwa sababu Unix huweka maandishi kwenye bafa, hifadhi ya muda ndani ya memori, na programu iitwayo update huyamwaga diskini kila sekunde 30. Kabla ya kuzima kwa hiari, andika sync, amri ya kuyamwaga papo hapo, ngoja taa ya diski itulie, ndipo usimamishe mashine. Umeme ukikuwahi, toleo la 6 halina fsck, programu ya kukarabati mfumo wa faili, ya kukuokoa: endesha icheck na dcheck, za kuukagua, kabla hujaandika faili lolote jipya, na orodha ya bloku huru ikiwa imevurugika, icheck -s inaijenga upya.