Dawa ya ng'ombe kwa mbwa wa machungani: tunayoamini na yaliyo kweli

"Nipimie mbili hapo, nimchome na mbwa," kijana mmoja aliniambia siku ya mnada, akinionyesha kichupa cha ivermektini, dawa ya minyoo, alichokuwa ameshanunua kwa ajili ya ng'ombe. Kwenye mfuko wa shati lilichungulia bomba la sindano la mililita 10. Mbwa mwenyewe, mwekundu, masikio yamechanika kwa kupe na ugomvi, alikuwa amejilaza kivulini chini ya baiskeli.

"Ana kilo ngapi?"

"Thelathini hivi, mzee."

Nilimbeba, nikapanda naye kwenye mizani, nikamshusha, nikapanda peke yangu. Tofauti ilikuwa kilo 14.

Ivermektini ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Ng'ombe huchomwa mililita 1 kwa kilo 50 za uzito, yaani mikrogramu 200 kwa kilo. Hata tungemhesabia yule mbwa kama ndama mdogo, asingefikisha mililita 0.3. Zile mililita mbili alizotaka ni mara saba. Na kwa bomba la mililita 10, hiyo 0.3 huipati hata ukifumba jicho moja, maana bomba hilo limetengenezwa kwa ajili ya fahali.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa za mifugo muda wa kutosha kuyajua maneno yanayofuata baada ya hapo. Hayabadiliki sana.

"Nimewachoma miaka yote, hajafa hata mmoja"

Neno hili ndilo gumu kulijibu, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mbwa wengi wanaistahimili ivermektini kuliko tunavyodhani. Katika majaribio, mbwa wenye afya walipewa mpaka mikrogramu 2,000 kwa kilo bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo yule mwekundu angechomwa zile mbili, huenda angenyanyuka, akajikung'uta na kufuata ng'ombe. Bwana wake angerudi kijijini akisema mzee wa dukani ana woga.

Ila mbwa aliyepona anakupa habari zake mwenyewe tu. Kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo kuna protini inayofanya kazi ya bawabu: dawa ikichungulia ndani, inasukumwa irudi kwenye damu. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Katrina Mealey wa Washington State University, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya mbwa wana kasoro katika jeni ya bawabu huyo, inayoitwa MDR1. Herufi nne za jeni zimeruka, basi. Mbwa aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama hana bawabu kabisa. Ivermektini inaingia ubongoni na kukaa.

Kwa mbwa wa namna hiyo shida huanza kwenye mikrogramu 100 hivi kwa kilo, ambayo ni nusu ya kipimo cha ng'ombe. Chukua Kollie, mbwa wa Kizungu wa kuchunga kondoo, mwenye kilo 20: mililita 0.2 inatosha kumyumbisha. Unaweza kuwa makini, ukampima vizuri, ukafuata karatasi ya ndani ya boksi neno kwa neno, na bado ukampa maradufu ya anachoweza kubeba.

"Hiyo ni shida ya mbwa wa Kizungu, hawa wetu ni wa kienyeji"

Hapa kuna ukweli nusu. Kasoro hii chanzo chake ni mbwa wa kuchunga kondoo wa Uingereza, karne ya 19, kabla koo za leo hazijatenganishwa. Kati ya Kollie kumi, saba hivi wanaibeba angalau upande mmoja. Australian Shepherd ni kama nusu yao. German Shepherd ni mmoja katika kumi hivi. Na jambo linalowashangaza wengi: Border Collie, yule fundi hasa wa kuswaga kondoo, ni wachache sana, chini ya watano katika mia.

Sasa niambie, huyo wa kienyeji wako babu yake ni nani? German Shepherd wa walinzi na wa mashambani wamezaa na wa vijijini vizazi kwa vizazi. Nimeona mbwa wa boma mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kufagia ambaye mwenye naye ananiapia kuwa ni wa asili toka enzi za mababu. Haya.

Madaktari wa mifugo wa nchi zinazosema Kiingereza walikuwa na msemo kwamba mbwa mwenye miguu myeupe asipewe. Ulisaidia kuwakumbusha watu kuhusu Kollie, lakini rangi ya mguu haina habari na jeni. Anayetaka kujua kwa hakika anapimisha: kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, sampuli inakwenda maabara. Kwa wengi wetu huku kipimo hicho kiko mbali, kwa hiyo ni heri kumhesabu mbwa usiyemjua ukoo kuwa huenda hana bawabu. Watoto wa mbwa nao wahesabiwe hivyo hivyo, kwani ubongo wao bado haujafunga milango vizuri.

"Hata sisi binadamu tunapewa"

Kweli, tunapewa. Ukiwa umeishi sehemu zenye matende na mabusha umeshameza ivermektini pamoja na albendazoli zile siku za kugawa dawa kijiji kizima. Lakini kumbuka mlivyosimamishwa kwenye ule mti uliochorwa mistari, mmoja mmoja, mkapimwa urefu ndipo mkahesabiwa vidonge. Mtu mzima mwenye akili zake, ambaye bawabu wa ubongo wake ni mzima, hakuachwa ajikisie. Mbwa tunamkisia kwa jicho.

"Dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo"

Chupa zinafanana, yaliyomo hayafanani. Levamisoli, ile ya maji wanayonyweshwa mbuzi na ng'ombe, mara nyingi ikichanganywa na dawa ya minyoo ya ini, ina nafasi finyu mno kwa mbwa kati ya dozi inayotibu na dozi inayomtapisha, kumtoa udenda na kumtetemesha. Albendazoli inaweza kuuharibu uboho wa mbwa, ashindwe kutengeneza damu, na kwa jike mwenye mimba ni hatari kwa watoto. Klosanteli, ambayo siku hizi huja chupa moja na ivermektini, inajulikana kwa kupofusha kondoo na mbuzi waliozidishiwa, na mbwa wamepofuka pia.

Halafu kuna fenibendazoli, ambayo inageuza hesabu. Hiyo kwa mbwa ni salama, hata madaktari wanaitumia. Ila ng'ombe hupewa miligramu 5 mpaka 7.5 kwa kilo mara moja, na mbwa anahitaji 50 kwa kilo, siku tatu mfululizo. Ukimpa kipimo cha ng'ombe hujamdhuru. Hujamtibu pia, na unaenda nyumbani umeridhika.

"Ivermektini inamaliza kila kitu tumboni"

Haigusi tegu. Na kwa mbwa anayeishi na mifugo, tegu ndiye wa kuogopwa, kwa sababu huyo hasumbui mbwa, anatusumbua sisi. Kuna mmoja mdogo, Echinococcus, urefu wake milimita chache tu, humwoni kwenye mavi hata ukitafuta. Mbwa humpata hivi: unachinja mbuzi, unakuta ini au pafu lina uvimbe uliojaa maji, unasema hili halifai, unamtupia mbwa. Baada ya wiki sita hivi mbwa anatoa mayai, yanabaki kwenye udongo na kwenye manyoya yake. Mtoto anamkumbatia, kisha anakula ugali. Miaka baadaye ni mtu mwenye uvimbe wa maji kwenye ini, ukubwa wa embe au zaidi, anasubiri kupasuliwa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu ulionekana kwa viwango vya juu kabisa duniani, na jamii za Wamasai wanaujua pia.

Anayemwondoa tegu huyo ni prazikwanteli, jamaa yetu wa kichocho wa mashuleni. Mbwa hupewa miligramu 5 kwa kilo, tena vipo vidonge vyake mwenyewe ambavyo kimoja kinatosha kilo 10. Yule kijana aliondoka na vidonge hivyo, kimoja na nusu kwa mbwa wake, nami nilimsihi maini mabovu ayafukie chini sana au ayateketeze kwa moto.

"Mimi simchomi mbwa kabisa, basi yuko salama"

Sivyo, kama zizi zima umelichoma sindano jana. Ivermektini hutoka mwilini mwa mnyama kwa njia ya mavi, na mbwa hula mavi. Imeshatokea Kollie akalewa baada ya kula mavi ya farasi aliyepewa dawa. Dawa ya kumwagia mgongoni ni vivyo hivyo, mbwa anairamba. Mfunge siku chache.

"Akilewa mpe maziwa"

Maziwa hayaondoi ivermektini, na mbwa anayepepesuka hamezi sawasawa, anapaliwa, yanaingia mapafuni. Sababu hiyo hiyo inakataza kumtapisha. Dalili ni mboni kutanuka, udenda, kuyumba miguu ya nyuma, kutetemeka, kutoona, kisha usingizi usioamshika. Huanza baada ya saa chache, wakati mwingine usiku wakati kila mtu amelala.

Dawa ya kuizima hakuna. Kilichopo ni uuguzi: maji ya mshipani, joto, kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda, kumlainisha macho yasikauke. Mbwa asiye na bawabu anaweza kulala siku nyingi, hata wiki, akaonekana amekufa, kisha akaamka. Wengine wamezikwa mapema kwa kukata tamaa, nadhani. Ukienda kwa daktari nenda na kichupa chenyewe, na umwambie ulichoma mililita ngapi na saa ngapi, hata kama unaona aibu kuitaja.