Pasipoti Haitoshi, na Bibi Peke Yake Hatoshi

Wiki hii nimeletewa tena sentensi ileile: "Uraia ameshapata, pasipoti anayo mkononi, sasa kinachomzuia kuichezea timu ya taifa ni nini?" Aliyeileta ni mtu mzima mwenye dhamana katika chama cha soka, na aliitamka kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba kikwazo ni mimi. Kazi yangu ni kukagua majalada ya wachezaji kabla majina yao hayajapelekwa kwenye mashindano, na sentensi hiyo nimeisikia hadi subira imeniishia. Nitaeleza mara moja, kwa urefu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Pasipoti hujibu swali moja tu, nalo ndilo rahisi kuliko yote: je, dola fulani inamtambua mtu huyu kuwa raia wake? Hapo FIFA haina kauli kubwa, kwa kuwa uraia hutolewa na sheria za nchi, si na kanuni za soka. Asiyeamini aitazame kesi ya Byron Castillo, beki wa Ekuador, ambaye Chile ilidai kwamba alizaliwa Kolombia. Novemba 2022 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliamua mambo mawili ambayo wengi walishindwa kuyaweka pamoja: kwamba pasipoti yake ilikuwa na taarifa za uongo kuhusu tarehe na mahali alipozaliwa, na kwamba hata hivyo alistahili kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022, kwa sababu Ekuador yenyewe ilimtambua kuwa raia wake. Chama cha Ekuador kilitozwa faini ya faranga 100,000 za Uswisi na kukatwa pointi tatu katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2026, lakini nafasi yake katika Kombe hilo la 2022 kule Qatar haikuguswa.

Swali la pili ndilo linalowaangusha watu: uraia huo aliupataje? Aliyezaliwa nao hadaiwi uthibitisho mwingine. Aliyeupata baadaye lazima aoneshe kinachomuunganisha na nchi: awe amezaliwa katika ardhi yake, au mzazi wake wa damu awe amezaliwa humo, au bibi au babu yake, au yeye mwenyewe awe ameishi humo kwa muda uliowekwa. Sharti hilo lilikazwa Machi 2004, baada ya kujulikana kwamba Qatar ilikuwa mbioni kuwapa uraia Wabrazili waliokuwa waking'ara Ujerumani, Ailton akiwa mmoja wao.

Hapa ndipo inapozaliwa imani ya pili, pacha wa ile ya kwanza, nayo ni imani ya bibi. Nimepokea picha za kaburi la bibi na hata barua ya mjomba, vyote vikitumwa kama ushahidi kwamba mjukuu anaweza kucheza kesho. Bibi hampi mjukuu uraia. Anachompa ni kiungo tu, na kiungo hicho huanza kuwa na maana pale nchi inapokuwa imeshamtambua mjukuu kuwa raia. Tena kiungo chenyewe huthibitishwa kwa cheti halisi cha kuzaliwa: Septemba 2025 FIFA ilikiadhibu chama cha Malaysia pamoja na wachezaji saba, ikisema kwamba nyaraka za kuonesha mahali walipozaliwa mababu na mabibi wa wachezaji hao zilighushiwa.

Asiye na mzazi wala bibi hubaki na makazi. Zamani kanuni ilidai miaka mitano baada ya kutimiza umri wa miaka 18. Tangu Septemba 2020, aliyehamia kabla ya kutimiza miaka 10 anahitaji kuwa ameishi miaka mitatu, na aliyehamia baada ya hapo anahitaji mitano, ila aliyehamia akiwa kati ya miaka 10 na 18 ana mzigo wa ziada wa kuthibitisha kwamba hakuhama kwa lengo la kuichezea timu ya taifa.

Kupuuza hesabu hiyo kunaweza kugeuza historia ya watu wasiohusika. Nelson Cabrera, beki mzaliwa wa Paraguay, alikuwa na uraia wa Bolivia lakini hakuwa ametimiza miaka mitano ya makazi. Septemba 2016 aliingia akitokea benchi katika mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, ambapo Bolivia iliifunga Peru 2-0, kisha ikatoka sare ya 0-0 na Chile. Chile ikalalamika, na FIFA ikazigeuza mechi zote mbili kuwa vipigo vya 3-0 kwa Bolivia. Kwa hukumu hiyo Chile ilivuna pointi mbili za ziada, lakini Peru, iliyokuwa imefungwa uwanjani, ilivuna tatu. Mchujo ulipomalizika Oktoba 2017, timu hizo mbili zilikuwa na pointi 26 kila moja, Peru ikawa juu kwa tofauti ya mabao, na hatimaye ikaenda Urusi. Bila malalamiko yale Chile ingekuwa na pointi 24 na Peru 23. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kuhusu uraia mmoja unaotumika na vyama kadhaa vya soka sitakawia: pasipoti ya Uingereza haisemi kama mwenye nayo ni wa England, Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini, na kwa hiyo hata aliyezaliwa na uraia huo lazima aoneshe kiungo na chama anachokitaka.

Swali la tatu ni kama mchezaji ameshafungamana na chama kingine, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Watu husema kwamba akishavaa jezi ya wakubwa, basi yamekwisha. Si kweli. Mechi ya kirafiki haimfungi mtu. Diego Costa aliichezea Brazil mechi mbili za kirafiki Machi 2013, na mwaka uliofuata alikuwa na Hispania kwenye Kombe la Dunia. Wilfried Zaha alicheza mbili na England, kisha akahamia Côte d'Ivoire. Iñaki Williams alicheza moja na Hispania, kisha akaichagua Ghana. Kinachofunga ni mechi ya mashindano rasmi, ya umri wowote na ya aina yoyote ya soka, futsali (soka la ukumbini) ikiwemo, hivi kwamba kijana wa miaka 16 aliyeingia dakika ya 89 katika mechi ya kufuzu ya vijana amefungamana kuliko mkubwa aliyecheza kirafiki dakika zote 90.

Aliyefungamana anaweza kuomba kubadili chama, na ombi lake husimama au kuanguka kwa tarehe moja ambayo hakuna anayeniletea: siku alipocheza mechi yake rasmi ya kwanza kwa chama cha awali, je, tayari alikuwa na uraia wa nchi anayoitaka sasa? Kama alikuwa nao, na hajawahi kucheza mechi rasmi ya timu ya wakubwa, njia ni nyeupe. Kama hakuwa nao, itabidi mechi yake rasmi ya mwisho iwe imechezwa kabla hajatimiza miaka 21, na kiungo na nchi mpya kiwepo. Kama ameshacheza mechi rasmi ya wakubwa, lazima awe alikuwa na uraia huo tangu mwanzo, awe hakuwa ametimiza miaka 21, asiwe amecheza zaidi ya mechi tatu za wakubwa, asiwe amegusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara, na iwe imepita miaka mitatu tangu mechi yake ya mwisho ya wakubwa. Katika hesabu ya hizo tatu, mechi za kirafiki huingia. Yaani mechi ambayo peke yake haimfungi mtu inaweza kumfungia mlango ikishaambatana na moja rasmi. Nimeshaeleza jambo hili kwenye kikao huku watu wakinitazama kana kwamba nimelitunga usiku uliopita.

Mlango huo wa mechi tatu haukuwepo kabla ya 2020. Munir El Haddadi aliichezea Hispania dakika 13 dhidi ya Makedonia Septemba 2014, akiwa na miaka 19, na dakika hizo zilimnyima Kombe la Dunia la 2018 na Moroko hata alipokata rufaa. Aliichezea Moroko mwaka 2021, kanuni zilipokuwa zimelegezwa.

Emilio Nsue alikuwa na bahati iliyogeuka. Alizichezea timu za vijana za Hispania, akahamia Guinea ya Ikweta, na mwaka 2013 ushindi dhidi ya Cape Verde ulifutwa kwa kuwa alicheza bila kustahili. Hata hivyo aliendelea kucheza, akawa nahodha, na mapema 2024 akawa mfungaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mabao matano. Miezi michache baadaye FIFA ilisema hakuwahi kustahili kuichezea nchi hiyo, ikamfungia miezi sita, na ushindi wa 1-0 dhidi ya Namibia na dhidi ya Liberia ukageuka vipigo vya 3-0.

Sina hakika kwamba kanuni hizi ni za haki. Neno "wa damu" humwacha nje aliyelelewa na wazazi wasio wake wa kuzaliwa, na sijapata kusikia hoja inayoniridhisha. Kinachonisumbua zaidi ni ile tarehe, kwa kuwa nchi moja husema mtoto wa raia ni raia tangu kuzaliwa hata akiandikishwa na miaka 25, ilhali nyingine husema uraia wake huanza siku ya kuandikishwa. Wachezaji wawili wenye maisha yanayofanana kabisa hupata majibu tofauti, na mimi hutia saini yote mawili.

Yule aliyeniuliza wiki hii nilimwomba barua ya mamlaka ya uraia inayotaja siku ambayo mchezaji wake alianza kuwa raia. Amenitumia tena picha ya pasipoti, safari hii ikiwa na mwanga mzuri zaidi.