Imani haikukatazi kuhuzunika: dhana potofu kuhusu mawazo mema

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana, familia nyingi za Kigoma zilibaki na hesabu ngumu kichwani: ada za watoto, kodi ya chumba, marejesho ya vikoba. Katika majira kama hayo, ushauri unaosikika zaidi, msikitini kama kanisani, ni kwamba mtu ajaze moyo wake mawazo mema na amtumaini Mungu. Ushauri huo ni mzuri na ninaushika kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba tumeuzungushia mambo ambayo wala Biblia wala Kurani hazikuyasema, na mambo hayo yanawaumiza watu wale wale ambao imani ilikuja kuwatuliza.

“Mwenye imani ya kweli hahuzuniki”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu mtu aliyekwisha kulemewa na msiba au madeni hubebeshwa tena aibu ya kulemewa. Maandiko yenyewe yanatuonyesha sura nyingine kabisa. Nabii Eliya, muda mfupi baada ya ushindi wake kwenye mlima Karmeli, aliketi chini ya mti wa mretemu akamwomba Mungu amtoe roho yake (1 Wafalme 19). Hakukemewa. Aliachwa alale, kisha malaika akamgusa ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji. Akalala tena, akaamshwa tena ale, kwa maana safari iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Usingizi na chakula vilitangulia, na maagizo ya kazi yakafuata baadaye. Ningependa kila anayemwombea mtu aliyechoka aisome sura hiyo polepole.

Nabii Yaakub naye, kama inavyosimuliwa katika Surat Yusuf, alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Ni Yaakub huyo huyo aliyewaambia wanawe wengine wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, na kati ya machozi yake na maneno hayo kuna aya inayotufundisha jambo kubwa: alisema kwamba huzuni yake anamshtakia Mwenyezi Mungu. Mtume Muhammad, alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, alilia mbele ya masahaba, na mmoja wao aliposhangaa alimjibu kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Kwa hiyo kuhuzunika na kukata tamaa ni mambo mawili tofauti, na imani inapigana na la pili tu.

Anayetaka kuona jinsi mwamini anavyoyaongoza mawazo yake, asome Zaburi ya 42. Mtunzi wake anaigeukia nafsi yake mwenyewe na kuiuliza: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?” Swali linakuja kwanza, na baada yake ndipo anapoiagiza imtumaini Mungu. Anakitaja kinachomwinamisha, anakisogeza mbele ya Mungu, halafu anajiambia neno la tumaini. Sisi mara nyingi huruka hatua ya kwanza, tukamwambia mfiwa akiwa bado kwenye mkeka wa matanga kwamba asilie, ni mapenzi ya Mungu. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walikosea walipoanza kumweleza sababu za mateso yake, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe aliwakasirikia.

“Wazo baya likikujia umekwisha kutenda dhambi, kwa hiyo pambana nalo mpaka litoke”

Mama anayenyonyesha huona ghafla katika mawazo yake picha ya mtoto akidondoka mikononi mwake. Kijana mcha Mungu hupatwa na neno la kufuru katikati ya sala. Wote wawili hushtuka, hujiona wachafu, na huanza vita ya kulifukuza wazo hilo usiku na mchana. Wengi hawamwambii mtu yeyote, wakidhani hakuna mwingine mwenye kichwa kibovu kama chao. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wengi wenye afya njema hupatwa na mawazo ya namna hiyo, na kwamba maudhui yake hayatofautiani sana na yale ya wagonjwa wanaoteswa na mawazo hayo. Kinachotofautiana ni uzito ambao mtu anayapa na muda anaokaa akipigana nayo.

Kupigana nayo kuna hatari yake. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wagonge kengele kila anapowajia akilini. Kengele hazikunyamaza. Zaidi ya hapo, waliozuiwa kumwaza, waliporuhusiwa baadaye, walimwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Akili inayolinda mlango ili kitu fulani kisiingie hulazimika kukikumbuka kitu hicho kila wakati.

Mafundisho ya dini yalilijua hili mapema. Masahaba walimwendea Mtume Muhammad wakamweleza kwamba wanakuta ndani ya nafsi zao mambo wasiyothubutu kuyatamka, naye akawajibu kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi, kwa maana kuchukizwa kwao kulikuwa dalili ya imani. Hadithi nyingine inasema Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi hujisemesha, maadamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. Na aliyeletewa na shetani maswali yasiyokwisha aliagizwa mambo mawili tu: aombe kinga kwa Mwenyezi Mungu, na akome hapo. Hakuagizwa kubishana wala kujichunguza upya kila saa.

Yupo mtu ambaye tumemwona wengi wetu kwenye mabomba ya kutawadhia, Ujiji au kwingineko: amekunja mikono ya kanzu, ameshaosha kiwiko, anakitazama, anakiosha tena, anarudi kwenye uso, na huku imamu amekwisha kurukuu. Tunamsifu kwa uangalifu, ilhali ndani anateseka. Kanuni ya wanazuoni kwamba yakini haiondolewi na shaka ipo kwa ajili yake: ameosha, na shaka inayokuja baadaye haina hukumu. Upande wa Wakatoliki, padri mwenye uzoefu humwambia muumini anayerudia kuungama dhambi ile ile iliyokwisha kuondolewa kwamba asiitaje tena. Utii huo humgharimu sana siku za mwanzo, kwa sababu wasiwasi hupanda kabla haujashuka, na ndiyo sababu anahitaji mtu mmoja anayemwamini wa kumshika mkono. Hali ikimla saa nzima kila siku, huo unaweza kuwa ugonjwa wenye jina na wenye tiba.

“Ukiutaja ubaya unauita, tamka mema nayo yatakuja”

Mvua ya ghafla ilinyesha mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, dagaa wakiwa bado wameanikwa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameinama juu ya mzigo wake, akiwageuza dagaa kwa viganja, wamelowa na kuanza kushikamana, na harufu imeshabadilika. Alisema kwa sauti ya kawaida: “Mzigo umeharibika, na Ijumaa natakiwa marejesho.” Mwenzake akamkata kauli: “Dada, usinene hivyo, unajifunga kwa kinywa chako. Sema nimebarikiwa.” Yule dada akanyamaza.

Sina shaka kwamba mwenzake alimtakia mema. Hata hivyo, maneno yaliyozuiwa ndiyo yaliyokuwa na msaada ndani yake, kwa kuwa dagaa walioloa huuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kama mtu atachukua hatua mapema, na mhazini wa kikundi anayeelezwa tatizo siku tatu kabla huweza kuliweka mbele ya wanachama, jambo asiloliweza akiambiwa asubuhi ya Ijumaa. Mtume Paulo, alipowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, aliorodhesha mambo ya kutafakari, na la kwanza katika orodha hiyo ni mambo yaliyo ya kweli. Yenye kupendeza yanafuata nyuma yake. Mtu aliyemuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea Mungu, aliambiwa amfunge, kisha ategemee.

Uchunguzi wa wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer uliochapishwa mwaka 2002 unaenda njia hiyo hiyo. Wahitimu wa chuo waliokuwa wakijiona mara kwa mara katika ndoto za mchana wakiwa na kazi nzuri, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache zaidi na wanalipwa kidogo zaidi. Waliotarajia kwa sababu za msingi kwamba watafanikiwa walifanya vizuri. Tarajio lilikuwa na faida. Kujistarehesha kwa picha ya mafanikio kulipunguza juhudi.

“Aliyeokoka, au aliyeshika dini, mawazo mema humjia yenyewe”

Hayaji yenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alishauri kwamba kama vile watu wanavyoweka dawa za mwili nyumbani kabla ya kuugua, vivyo hivyo mtu akusanye mawazo yenye afya akiwa ametulia, ili ayatumie siku atakayovurugika. Nyuradi (dua zinazorudiwa) baada ya swala, rozari, zaburi iliyokaririwa utotoni, vyote hufanya kazi kwa njia hiyo: usiku wa manane mtu hatungi faraja mpya, huchota iliyokwisha kuwekwa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliongeza onyo ambalo nalithamini sana, kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadili maamuzi aliyoyafanya alipokuwa na amani.

“Kwenda hospitali kwa ajili ya mawazo ni kukosa imani”

Kwa malaria hakuna anayesema hivyo. Al-Balkhi huyo huyo, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alitenga huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyo na sababu inayoonekana, akaeleza kwamba hii ya pili ina asili katika mwili na huhitaji pia tiba ya mwili. Hadithi iliyo mashuhuri inawaambia waja wa Mwenyezi Mungu watafute tiba.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba hali ya kuzama moyo, au ya kutofurahia chochote, ikidumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili kama kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kujiona huna thamani, ichukuliwe kuwa ugonjwa wa sonona. Wengi hapa kwetu hudhani tiba ya ugonjwa huo iko hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, peke yake, na kwamba kuiendea ni kuitwa kichaa. Safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu, na kwa walio Kigoma mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu, na wengi huziacha katika wiki za kwanza kwa kudhani hazifai. Wapo pia wanaoziacha Ramadhani inapoingia bila kumuuliza daktari, ilhali Kurani yenyewe inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine.

Mtu akianza kusema kwamba ni heri afe, asiambiwe kwamba anakufuru, na asiachwe peke yake hata kama amesema kwa sauti ya utani. Aulizwe waziwazi kama amefikiria kujiua, kwa maana swali hilo halimpandikizii wazo. Sumu ya panya na dawa za shambani ziondolewe nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sheikh au mchungaji wake akiweza, awafuate kwa bodaboda ya pili na akae naye kwenye benchi mpaka aitwe.